Gia sita kwenye baiskeli ya kukunja: habu ya gia tatu na sproketi mbili

Maswali ni yale yale. "Baiskeli yangu ya kukunja ina gia sita, lakini nikifika tambarare miguu inazunguka bure, nifanyeje?" "Nimepata gurudumu lenye gia tatu za ndani, linafunga kwenye fremu yangu?" "Gia za ndani na za nje zinaweza kukaa pamoja?" Jibu la swali la tatu ni ndiyo, na mchanganyiko huo ndio unaowatatulia shida wengi wanaouliza mawili ya kwanza. Hapa nitaeleza namna ya kuufunga mwanzo hadi mwisho: habu (kitovu cha gurudumu) yenye gia tatu ndani, sproketi mbili (vyuma vya meno vinavyoshika cheni) juu yake, na deraila ya kuhamisha cheni kutoka sproketi moja kwenda nyingine. Tatu mara mbili, gia sita.

Mpangilio huu haukuzuka jana. Habu ya AW ya Sturmey-Archer ilianza kutoka kiwandani Nottingham, Uingereza, mwaka 1936. Kampuni ilipoanguka mwaka 2000 ilichukuliwa na SunRace ya Taiwan, kwa hiyo habu hizo na vipuri vyake vinaendelea kutengenezwa. Kwenye baiskeli za mtumba kutoka Japani utakutana zaidi na habu ya Nexus 3 ya Shimano. Na Brompton, baiskeli ya kukunja inayotengenezwa London, inauza gia sita za namna hii hii: habu ya gia tatu yenye sproketi za meno 13 na 16. Tofauti ni kwamba wao wana vipuri vyao maalumu. Wewe utatumia vya kawaida.

Nianze na ushauri utakaokuokolea pesa. Kama baiskeli yako tayari ina friwili (rundo la sproketi za nyuma) ya gia sita au saba na shida yako ni moja tu, gia nzito haitoshi, tafuta kwanza friwili inayoanzia meno 11 badala ya 14. Kampuni ya DNP inazitengeneza. Ukiipata na ikaingia kwenye fremu, ifunge na uishie hapo. Kazi ninayoieleza ni ya anayetaka zaidi ya hilo: gia za mlima na za tambarare kwa pamoja, na uwezo wa kushusha gia ukiwa umesimama kwenye foleni. Deraila peke yake haiwezi hilo la mwisho, kwa sababu inahitaji pedali zizunguke.

HESABU KWANZA, UNUNUZI BAADAYE

Nadharia ni hii tu. Kila mzunguko mmoja wa pedali unaisogeza baiskeli mita kadhaa. Unazipata hivi:

mzingo wa tairi × meno ya mbele ÷ meno ya nyuma × uwiano wa gia ya habu

Mzingo usiubahatishe. Jaza upepo, chora alama ya chaki kwenye tairi na sakafuni, panda mwenzako akushike, sogea mpaka alama irudi chini, kisha pima. Tairi ya 20 x 1.75 hutoa kama mita 1.52. Baiskeli kubwa ya inchi 28 hutoa kama mita 2.2, na hapo ndipo penye siri ya miguu kuzunguka bure: gurudumu dogo limekunyang'anya karibu theluthi moja ya mwendo.

Uwiano wa habu ya AW ni 0.75 kwa gia ya kwanza, 1 kwa ya pili na 1.33 kwa ya tatu. Nexus 3 ni 0.73, 1 na 1.36. Zinakaribiana, kwa hiyo hesabu zinazofuata zinafaa kwa zote mbili.

Sasa kosa ambalo wanaoanza hulifanya kuliko mengine yote: kuchukua sproketi mbili zozote zilizopo dukani. Chukua mfano wa meno 15 na 20. Zinaonekana nzuri, zimetofautiana vya kutosha. Lakini 20 gawa kwa 15 ni 1.33, sawasawa na hatua ya habu yenyewe, yaani pengo kati ya gia moja na inayofuata. Maana yake gia ya pili kwenye meno 20 ni ile ile ya kwanza kwenye meno 15, na ya tatu kwenye 20 ni ile ile ya pili kwenye 15. Umefunga vyuma vya gia sita, umepata gia nne. Meno 12 na 16 ni hivyo hivyo. Hata 14 na 20 haijaepuka vizuri, gia zake mbili mbili zinakaribiana mno.

Kuna njia mbili zinazoeleweka.

Ya kwanza ni ya tambarare: tofauti ndogo, ili sproketi moja ijaze mapengo ya nyingine. Meno 13 na 15 yanaangukia karibu nusu ya hatua ya AW. Kwa sproketi ya mbele ya meno 44 na tairi ya mita 1.52 unapata mita 3.34, 3.86, 4.46, 5.15, 5.95 na 6.86. Ngazi zimepangana vizuri, na ile ya mwisho, ukizungusha pedali mara 70 kwa dakika, inakupa kilomita 29 hivi kwa saa. Brompton wamefuata mantiki hii. Habu yao ya sasa ina hatua pana zaidi, karibu 1.57, ndiyo maana 13 na 16 zinawafaa.

Ya pili ni ya vilima: tofauti kubwa. Meno 14 na 22, mbele 44, yanatoa mita 2.28, 3.04, 3.58, 4.05, 4.78 na 6.37. Linganisha na friwili ya kawaida ya meno 14 hadi 28 kwenye baiskeli hiyo hiyo: inaanzia mita 2.39 na kuishia 4.78. Mlima umebaki nao, na juu yake umeongeza gia ya mwendo ambayo hukuwa nayo kabisa. Mtu wa Unguja mjini au Tanga nitamshauri 13 na 15. Wa Mwanza, Bukoba au Mbeya achukue 14 na 22 bila kusita.

Usishuke zaidi ya hapo. Meno ya mbele yakiwa chini ya mara mbili ya yale ya nyuma, nguvu inayoingia kwenye habu inakuwa kubwa kuliko inavyopaswa kubeba, hasa ukiwa na mzigo. 44 kwa 22 ni mara mbili kamili. Huo ndio mpaka wangu.

KAGUA BAISKELI YAKO

Fremu rahisi kuliko zote kwa kazi hii ni ile iliyokuja na deraila. Tayari ina sikio la kuning'iniza deraila, ina cheni nyembamba, na sproketi ya mbele inaendana na cheni hiyo. Baiskeli isiyokuwa na gia inawezekana pia, ila vya kununua vinaongezeka.

Soma maandishi ya tairi. 20 x 1.75 (nukta) ni rimu ya milimita 406. 20 x 1 3/8 (sehemu) ni rimu ya 451. Zote zinaitwa "inchi 20" na haziingiliani kabisa. Inchi 16 nazo zina saizi zake: 305, na 349 ambayo ndiyo ya Brompton. Anayekuuzia gurudumu kwa kusema "ni la ishirini" mwombe namba ya milimita.

Angalia breki ya nyuma. Kama habu uliyopata inafunga breki kwa kurudisha pedali nyuma, HAIFAI. Deraila ina springi inayoacha cheni ilegee ukirudisha pedali, kwa hiyo breki itachelewa au haitashika kabisa, na deraila itavunjika. Tumia habu isiyo na breki ya pedali, na breki ya rimu au ya bendi upande wa kushoto.

Angalia fremu ni ya nini. Weka sumaku. Ikinata ni chuma, na chuma huvumilia kupanuliwa milimita chache. Isiponata ni alumini, na alumini haipanuliwi wala haibanwi kwa nguvu. Itapasuka, labda si leo, na mahali itakapopasukia ni nyuma yako ukiwa kwenye mwendo.

VITU VYA KUWA NAVYO

Gurudumu la nyuma lenye habu ya gia tatu, rimu ya saizi yako. Kama una habu peke yake, ipeleke kwa fundi wa kusuka spoku pamoja na rimu, asikisie urefu. Spoku za rimu ya 406 ni fupi sana na hazichongwi kutoka kwenye ndefu bila kifaa cha kutengenezea uzi.

Sproketi mbili za nyuma zenye vidole vitatu kwa ndani. Umbo hilo linatumika kwa Sturmey-Archer, Shimano na Sachs, kwa hiyo unaweza kuchanganya. Ziwe nyembamba, za cheni ya gia, si zile nene za baiskeli isiyo na gia. Kwa kuwa nyingi zimebonyea upande mmoja kama sahani, nunua zilizobonyea.

Deraila ya nyuma yenye mkono mfupi. Leva ya gia ya aina ya zamani isiyo na mikato, inayokaa popote unapoiacha. Leva zenye mikato zimepimwa kwa friwili, hazitalingana na nafasi ya sproketi zako mbili. Fundi wengi wana leva hizo za zamani kwenye boksi la vyuma na wanafurahi kuziondoa.

Cheni ya gia 6, 7 au 8. Waya mbili za gia na kava zake (mirija inayopita waya). Leva ya gia tatu inayolingana na habu yako, Sturmey kwa Sturmey, Shimano kwa Shimano, kwa sababu urefu wa mvuto wa waya hautoshani.

Wosha za kuzuia ekseli isizunguke. Hizi zina kidole au ukingo unaoingia kwenye mdomo wa fremu (mwanya unaopokea ekseli), na tundu lenye pande bapa. Usianze kazi bila hizi.

Spana namba 15, bisibisi ndogo bapa na ya nyota, funguo za pembe sita, kifaa cha kukata cheni, koleo la kukatia waya, rula, grisi, oili nyepesi, na miwani ya kukinga macho.

KAZI YENYEWE

1. Kunja baiskeli kama ilivyo, kabla ya kufungua hata nati moja. Piga picha pande zote. Angalia kilichopo karibu na sproketi za nyuma ikiwa imekunjwa: gurudumu la mbele, usukani, pedali. Pima nafasi iliyopo. Baiskeli ya kukunja isiyokunjika umeiharibu, hata kama gia zake ni tamu.

2. Toa gurudumu la zamani. Kama ni Nexus 3, kwanza ondoa kile kiboksi cha pembeni kwenye ekseli ya kulia na uchomoe kijiti chembamba kilicho ndani ya ekseli. Kiweke mfukoni. Wengi husahau, kijiti kinapinda au kinapotea, na habu nzima inabaki gia moja. Kama ni Sturmey, fungua kicheni kidogo kinachoingia kwenye ekseli.

3. Pima upana wa ndani kati ya midomo miwili ya fremu, kisha upana wa habu kutoka nati ya ndani hadi nati ya ndani. Habu ikiwa nyembamba, ongeza wosha nene pande zote mbili, ukikumbuka kwamba upande wa kulia sasa utabeba sproketi mbili na cheni isiguse fremu. Hakikisha ekseli bado inatokeza nje vya kutosha kwa nati nzima kushika uzi. AW zilikuja na ekseli za urefu tofauti. Kwa fremu ya upana wa milimita 130 tafuta ile ya inchi 6¼, kama milimita 159.

4. Vaa miwani. Kwenye habu utaona pete ya chuma inayobana sproketi, iliyokaa kwenye mfereji. Ingiza bisibisi bapa kwenye mwanya wake, izungushe polepole huku umeweka kitambaa juu, maana huruka. Toa sproketi ya zamani na wosha zilizo nyuma na mbele yake. Kifuniko cha vumbi kibaki.

5. Panga sproketi mpya. Kubwa ndani, upande wa spoku, meno yake yakiwa yamebonyea kuelekea ndani. Ndogo nje, meno yakielekea nje. Zikigeuziana migongo namna hii, nafasi inapatikana katikati ya safu mbili za meno. Nafasi nzuri, ukipima kutoka katikati ya jino hadi katikati ya jino, ni milimita 5 hadi 5.5. Ikipungua, cheni iliyo kwenye ndogo itasugua kubwa. Ikizidi sana, cheni itadondoka katikati na kuzunguka bila kushika kitu. Rekebisha kwa wosha, au kwa kuweka moja bapa na moja iliyobonyea.

6. Rudisha pete, kisha zungusha kidole mzunguko mzima kuhakikisha imeingia kwenye mfereji kote. Kote. Kwenye AW sproketi mbili nyembamba huingia ukitoa wosha za asili. Kwenye Nexus nafasi ni ndogo, kwa hiyo jaribu kabla ya kununua: kama mfereji hauonekani wote baada ya kuweka sproketi mbili, acha. Usiisage pete, usiichomelee. Tumia sproketi moja nyuma na mbili mbele, nitaeleza mwishoni.

7. Zungusha gurudumu mkononi. Sproketi kubwa isiguse spoku hata moja. Kwenye rimu ndogo spoku zinasimama kwa pembe kali, na meno 22 yanazikaribia.

8. Funga gurudumu kwenye fremu pamoja na wosha za kuzuia mzunguko, kidole chake ndani ya mdomo wa fremu. Kaza nati kwa spana ndefu. Nexus inataka kati ya Nm 30 na 45 (nyutoni-mita, kipimo cha ukazaji). Kama kuna mkono wa breki ya bendi upande wa kushoto, urudishe na ukaze boliti yake kwenye fremu sasa hivi. Usiseme utaufunga baadaye.

9. Funga deraila. Fremu isiyo na sikio inahitaji kibao cha chuma kinachobanwa na ekseli. Deraila za bei ya chini mara nyingi huja nacho. Ikishafungwa, angalia umbali wa ncha ya chini kutoka ardhini. Mkono mrefu kwenye gurudumu la inchi 20 unafagia mchanga na kugonga kila tuta, ndiyo maana nikasema mfupi.

10. Simama nyuma ya baiskeli na utazame mstari wa cheni. Sproketi ya mbele inapaswa kuangalia katikati ya zile mbili za nyuma. Kwenye baiskeli za kukunja umbali kutoka krenki (mikono ya pedali) hadi gurudumu la nyuma ni mfupi, kwa hiyo mstari uliopinda kidogo tu husikika. Sogeza kwa wosha za ekseli au badilisha ekseli ya krenki.

11. Kata cheni. Izungushe kwenye sproketi ya mbele na ile kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye deraila, vuta ikaze, kisha ongeza pingili mbili. Kata hapo. Kama baiskeli yako ina springi ya nyuma, bonyeza kiti mpaka mwisho kabla ya kupima, kwa sababu baadhi ya fremu hurefusha umbali huo zinapobonyea.

12. Weka mipaka ya deraila. Skrubu ya H inazuia cheni isivuke sproketi ndogo kwenda nje. Ya L inazuia isivuke kubwa na kuingia kwenye spoku. Zungusha pedali kwa mkono, sukuma deraila kwa kidole, kaza robo mzunguko kwa wakati. Anza na L. Cheni iliyoingia kwenye spoku hukata spoku na kulifunga gurudumu papo hapo.

13. Pitisha nyaya mbili, lakini USIKATE kava bado. Zifunge kwa muda na utepe, kisha kunja baiskeli na kuikunjua. Kwenye bawaba ya fremu na ya usukani kava inahitaji mkunjo mpana, ulegevu wa kutosha, na isibanwe bawaba inapofunga. Waya wa habu ndio wenye kudai zaidi: ukivutwa na usukani ukikunja kona, gia inabadilika peke yake. Ukiridhika, kata.

14. Seti habu. Sturmey: kaza kicheni mpaka mwisho kwa mkono, kisha kirudishe isiyozidi nusu mzunguko kielekee kwenye waya. Weka leva kwenye gia ya pili. Chungulia tundu la nati ya kulia. Bega la kijiti cha ndani liwe sawa na mwisho wa ekseli. Nexus: leva kwenye gia ya pili, na alama kwenye kidirisha cha kiboksi ikae katikati ya mistari miwili. Zungusha pedali, pitia gia zote tatu, rudi ya pili, angalia tena.

15. AW ya zamani yenye kifuniko cha oili: weka matone machache ya oili nyepesi ya injini. Si mafuta ya kupikia, yanaganda ndani na kuwa gundi. Nexus hutumia grisi, usiimiminie oili.

Jaribio la kwanza lifanyie mahali pasipo na magari, ukiwa umekaa. USISIMAME juu ya pedali mpaka umehakikisha gia zote. AW za zamani zina mahali kati ya gia ya pili na ya tatu ambapo hakuna gia yoyote: habu ikiwa haijasetiwa sawa, pedali inaachia ghafla na mwili wote unatua kwenye fremu.

Kuendesha kuna adabu zake. Gia za habu badilisha ukiwa umepunguza nguvu au umesimama. Sproketi badilisha pedali zikizunguka, hasa kabla ya mlima, si katikati yake. Kwenye mpangilio wa 14 na 22 mimi naiacha sproketi ndogo kazi nzima ya mjini na kutumia leva ya habu tu. Kubwa naiita mlima unapoonekana. Wa 13 na 15 unadai mikono miwili zaidi, lakini baada ya muda vidole vinazoea.

IKIGOMA

Gia ya kwanza haiingii kwenye Sturmey: waya umelegea. Kaza kidogo kidogo, ukirudi kupima kwenye gia ya pili.

Gia ya tatu haiingii kwenye Sturmey: kinyume chake, waya umekaza mno, au kava imebanwa kwenye bawaba. Kunjua, tazama bawaba kwanza kabla ya kugusa skrubu.

Gia zilikuwa sawa, baada ya kukunja baiskeli zimevurugika: kava inateleza ndani ya kishikio chake. Hii ndiyo inayosumbua baiskeli za kukunja kuliko zote. Badilisha kofia za mwisho za kava na uifunge kava karibu na bawaba pande zote mbili, ili mkunjo utokee mahali pamoja kila siku.

Gia inabadilika yenyewe ukiendesha siku chache: ekseli inazunguka. Ngoa gurudumu, angalia wosha za kuzuia mzunguko. Kama kidole cha wosha kimelika, weka mpya. Usijaribu kushinda kwa kukaza nati peke yake.

Cheni inaruka meno ukikanyaga kwa nguvu: cheni ya zamani kwenye sproketi mpya, au cheni mpya kwenye sproketi ya mbele iliyolika. Kama sproketi ya mbele ni nene, ya baiskeli isiyo na gia, cheni nyembamba haitakaa chini kabisa. Usichonge meno. Kumbuka pia kwamba nyingi zimepigwa riveti kwenye krenki, kwa hiyo utabadilisha krenki nzima ya kulia.

Cheni inatoka mbele kwenye rasta: weka sahani ya kinga pande zote za sproketi ya mbele. Brompton na wengine wanaziweka kwa sababu hiyo, na zinalinda suruali pia.

Deraila inahama yenyewe kwenda sproketi ndogo: skrubu ya leva isiyo na mikato imelegea. Kaza mpaka leva iwe nzito kidogo mkononi.

KAMA SPROKETI MBILI HAZIINGII KWENYE HABU

Weka sproketi moja nyuma na mbili mbele, kwa kufuata hesabu ile ile ya tofauti. Kwa mfano nyuma 18, mbele 52 na 36: ukigawa unapata 1.44, ambayo haijaangukia kwenye 1.33 wala 1.36. Si mpangilio bora, gia mbili zitakaribiana, lakini ukitaka bora tafuta krenki ya 52 na 34. Kwenye 34 kwa 18 umeshuka chini kidogo ya ule mpaka wa mara mbili, kwa hiyo punguza nyuma hadi 17 au 16. Deraila ya nyuma inabaki pale pale kama kikaza cheni, bila waya, skrubu zake mbili zikiwa zimeifunga kwenye mstari mmoja. Mbele unaweza kuhamisha cheni kwa mkono ukiwa umesimama. Kwa mtu mwenye mlima mmoja tu kwenye njia yake, hilo linatosha kabisa na limepunguza waya mmoja kwenye bawaba.

Ukikutana kwenye mtumba na gurudumu la SRAM DualDrive, habu ya gia tatu ambayo tayari ina nafasi ya kaseti nzima (rundo la sproketi) juu yake, lichukue likiwa na kile kiboksi chake cha kubadilishia gia upande wa kulia. Haitengenezwi tena, na bila kiboksi hicho huna gia. Sturmey-Archer wana ya kufanana nayo, CS-RF3, na hiyo inapatikana mpya. Ukiwa na kaseti ya sproketi nane unafika gia 24 bila deraila ya mbele. Hatua za kufunga ni hizi hizi, isipokuwa ya 4 hadi ya 6 ambazo huzihitaji, na deraila itakubali leva yake ya kawaida yenye mikato.